Sahani Hairudi Tupu: Idi na Ujirani katika Mji wa Unguja

Waswahili walipoihesabu miezi yao hawakuanzia Muharamu, unaofungua mwaka wa Kiislamu, wala Januari ya Wazungu. Walianzia Idi. Mwezi unaoandama Ramadhani inapokwisha waliuita Mfunguo Mosi, ukafuatiwa na Mfunguo Pili na Mfunguo Tatu, na hivyo hivyo hadi Mfunguo Tisa. Ndipo ikaja Rajabu, ikaja Shaabani, ikarudi tena Ramadhani. Huo Muharamu wenyewe kwa hesabu hii ni Mfunguo Nne tu, na Maulidi ya Mtume (S.A.W.) yanasomwa Mfunguo Sita. Wiki nayo imehesabiwa kwa mtindo huo huo: Ijumaa ikishapita huja siku ya mosi, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Lugha haikuihifadhi hesabu hii kwa bahati. Inatueleza siku zipi watu wa pwani waliziona kuwa ni kichwa cha wakati, na siku zipi zilifuata nyuma.

Historia ya Idi katika Unguja, kila ilipoandikwa, aghalabu imeandikwa kutokea nje ya nyumba. Imetajwa mizinga ya Sultani, yametajwa magwaride na ngoma, viwanja vya Mnazi Mmoja na hotuba za Baraza la Idi. Hayo yote yalikuwako, na yana nafasi yake. Ipo historia nyengine, ambayo haikupigiwa mzinga, nayo ni historia ya sahani: sahani iliyofunikwa kawa au kitambaa cha kufumwa, ikatoka mlango huu ikaingia mlango ule, mikononi mwa mtoto aliyeonywa asikimbie. Hakuna ofisi iliyoiweka kumbukumbu ya safari hizo. Na pengine ndizo zilizoufanya mji kuwa mji.

Miongoni mwa maelezo ya kale kuhusu Idi ya ndani ya nyumba ni yale ya Salme binti Said, aliyezaliwa katika kasri ya Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said bin Sultan na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani mtoto wa kike wa zama zake alifundishwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka uliofuata aliolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabatizwa kwa jina la Emily, na ilipofika 1870 alikuwa tayari mjane mjini Hamburg, na watoto watatu wadogo mikononi. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Alianza kukiandika kwa ajili ya watoto hao, wapate kujua mama yao ametoka wapi.

Humo ameieleza Ramadhani na Idi kwa mapenzi ya mtu anayejua kwamba hatakaa tena kwenye sherehe hiyo. Anasimulia watu wakiutafuta mwezi kutoka juu ya mapaa, mizinga ikilia unapoonekana, hina ikifungwa usiku kucha, wanyama wakichinjwa kwa wingi, nguo mpya, manukato, zawadi kutoka kwa baba, na wanawake wakitembeleana. Ni kurasa tamu, na zinataka kusomwa kwa tahadhari. Waliochinja na kutwanga, waliokanda na kuteka maji usiku ule walikuwa watumwa, na Salme, ijapokuwa aliwapenda baadhi yao, aliutetea utumwa katika kitabu hicho hicho. Furaha ya majumba ya Mtoni na Bet il Sahel ilipikwa na mikono ambayo haikuwa na Idi yake yenyewe. Mwenye kuyasoma masimulizi hayo kwa kuionea shauku tu enzi iliyopita, amesoma nusu yake.

Sehemu kubwa ya majumba yale ya kifalme ya ufukweni yalibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimia saa moja. Miezi michache baadaye, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Masuria walisubiri mpaka mwaka 1909. Wengi wa walioachwa huru walikwenda kukaa Ng'ambo, upande wa pili wa ghuba iliyoutenga mji wa mawe na vibanda vya udongo na makuti, pale palipokuwa na daraja lililoiachia Darajani jina lake. Huko Ng'ambo ndiko Idi ilikopata wenyewe wapya.

Mavazi yanaeleza jambo hili vizuri kuliko hotuba. Mtumwa mwanamke alijifunga merikani, kitambaa kilichopewa jina la Wamarekani walioileta kutoka Salem, Massachusetts, au alijifunga kaniki, nyeusi isiyo na ua. Kofia na viatu zilikuwa alama za waungwana. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ikaja kanga, yenye pindo na mji na rangi za kila namna, na baadaye jina, yaani maneno yaliyopigwa chapa, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi. Aliyekuwa mtumwa jana akaamkia Idi ndani ya doti mpya. Kununua kanga ya sikukuu haikuwa anasa kwa mwanamke wa Ng'ambo aliyechuma na kuchambua karafuu za watu mwaka mzima. Ilikuwa ni kusema, bila ya kufungua kinywa, kwamba yeye naye ana siku yake. Ndiyo maana maduka ya Kihindi yalijaa watu mwisho wa Ramadhani, na ndiyo maana mume aliyekosa kuleta doti ya Idi alilijua kosa lake kabla ya kuambiwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini akichuuza vyungu, na ambaye sauti yake ilinaswa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, alitoka katika ulimwengu huu wa watu waliojivika utu wao wenyewe.

Lakini turudi kwenye sahani.

Ramadhani katika mitaa ya Malindi, Kiponda, Mkunazini au Kikwajuni ilikuwa na saa yake ya pilika, nayo ni ile baina ya alasiri na magharibi. Jikoni kila mwanamke alikuwa na kitu anachosifiwa nacho. Huyu mkono wake ni wa mkate wa kumimina, yule wa sambusa, na yule hakuna amshindaye kwa tambi za nazi au uji wa pilipili manga. Muhogo na ndizi mbichi za nazi, magimbi, katlesi, kachori, kaimati, mkate wa ufuta, vyote vilikuwa vikichungulia kutoka kwenye majiko ya makaa. Hapana nyumba iliyoweza kupika vyote. Jua lilipoanza kushuka sahani zikaanza kutembea, na magharibi ilipoadhiniwa kila mkeka ulikuwa na vyakula vya nyumba nne au tano, hata ule wa aliyepika chungu kimoja tu. Mtaa mzima ulifuturu pamoja bila ya kukaa pamoja.

Safari hizo zilikuwa na kanuni zake, ambazo mtoto alizijua kabla ya kuijua hesabu. Sahani ya mjane hutangulia, na hupelekwa mapema, asije akaonekana anasubiri. Ya mwalimu wa chuoni haisahauliwi. Mwenye mimba hapitwi na harufu. Ikishamfikia, chakula kimfikie. Sahani za bluu zenye maua zilifanana nyumba hadi nyumba, kwa hiyo kila mama aliitia yake alama chini, kwa tone la rangi ya mlango au ya kucha. Na juu ya yote ilikuwapo ile kanuni kubwa, kwamba sahani hairudi tupu. Aliyepika alirejesha alichopika. Asiyepika alitia mayai mawili, au ndimu, au fumba la sukari. Waliokuwa hawana kabisa waliikalisha sahani ya watu siku mbili tatu mpaka wapate, na mwenye sahani hakuiuliza. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kwamba kupokea nako kuna moyo wake, na huenda ni mgumu zaidi. Kanuni ya kutorudisha tupu ilimtunzia heshima yule anayepokea mara nyingi kuliko anavyotoa. Hakuna aliyekuwa maskini wa mtaa, kwa sababu kila mtu alikuwa amempa mwenzake kitu.

Haya hayakuzuka penye ombwe. Dini yenyewe imeifungia furaha ya Idi nyuma ya haki ya jirani: zaka ya fitri ni lazima itoke kabla ya sala ya Idi, kwa kila kichwa cha nyumba, mkubwa na mdogo, hata mtoto aliyezaliwa jana. Unguja ilipimwa kwa pishi, yaani vibaba vinne vya nafaka. Usiku wa kuamkia Idi, kabla ya hina na kabla ya kumwagia nyama viungo, mzee wa nyumba alikaa na gunia la mchele na kibaba, akihesabu watu wake kwa majina. Idi kubwa nayo, ile ya Mfunguo Tatu, nyama ya udhia haimaliziki nyumbani kwa aliyechinja. Kwa hiyo sahani iliyotoka jikoni ilikuwa ni fiqhi iliyotiwa nazi.

Zama hizo hizo mji ulikuwa na mfano wa urafiki uliojengwa juu ya dini na kudumu mpaka kaburini. Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Sheikh Abdalla Bakathir alizaliwa Lamu karibu na mwaka huo huo. Walikuwa rika moja, wote wawili walikwenda kusoma Hadhramaut, na bado Bakathir alimchukua mwenzake kuwa mwalimu wake na akamweka katika daraja hiyo maisha yake yote. Bin Sumayt alikuwa kadhi, mtu wa serikali, aliyejulikana hadi Istanbul. Bakathir alisomesha mtaani Ukutani, ambako wanafunzi walimjia kutoka kila pembe ya pwani. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyewaandikia wote wawili katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1972, anawaweka ubavu kwa ubavu. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Anayepita leo baina ya Ukutani na Malindi anaweza kutembea kwa dakika chache tu kutoka alipodarsisha mmoja mpaka aliposali mwengine. Elimu nyingi ya nchi hii ilivuka vichochoro kama vile ilivyovuka futari, nyumba hadi nyumba.

Usiku wa mwezi ulikuwa na kelele zake. Macho yalielekea magharibi, na tangu mwaka 1951, ilipoanza Sauti ya Unguja, masikio yalielekea kwenye redio. Penye redio moja walikusanyika watu wa nyumba kumi. Tangazo likitoka, mji haukulala tena. Mafundi wa cherahani walishona mpaka alfajiri, wakiapa kwa kila mteja kwamba yake ndiyo inayofuata. Wanawake walimalizia kofia za kiua, zilizodariziwa tundu kwa tundu kwa wiki nyingi, ambazo kwa wengi wao ndizo zilizokuwa mfuko wa sikukuu: kofia aliyoivaa bwana mkubwa msikitini ilikuwa imemnunulia mtoto wa Ng'ambo viatu. Hina na piko ziliandikwa mikononi na miguuni. Vikuba vya asumini na mrehani vilifungwa. Asubuhi udi ulitembezwa chumba kwa chumba, nguo zikafukizwa, na baada ya sala watu wakala bokoboko la ngano na nyama lililopondwa usiku kucha, chakula kilichotoka Omani kikasahau njia ya kurudi, au tambi, au vitumbua kwa mchuzi. Halua ya hiliki na zafarani ilisubiri kwenye visahani, na kahawa chungu kwenye dele, kwa kila atakayepiga hodi.

Na hodi zilipigwa. Sikukuu ya Unguja ina siku nne, mosi mpaka nne, na watoto hawakuikubali hesabu yoyote iliyo pungufu. Waliingia nyumba za jamaa na zisizo za jamaa, wakatoa mikono, wakasimama. Kila mtu alijua wanangojea nini. Mkono wa Idi ukishapatikana, senti kumi au thumni, hao wakaelekea Mnazi Mmoja kwenye pembea, vinyago vya bati, filimbi na ubuyu. Wakubwa kidogo walijipanga kwenye sinema, Majestic au Empire au Sultana, kutazama filamu za Kihindi walizozijua nyimbo zake zote ingawa hawakujua maneno. Usiku ulikuwa wa taarabu. Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilikuwa imewazoesha watu wa mjini kwamba Idi bila ya udi wa kupigwa ni sawa na Idi bila ya udi wa kufukiza.

Sahani haikuuliza dini. Mji wa Mawe ulikuwa na Mabaniani na mahekalu yao, Mabohora, Maismailia, Waparsi, Wagoa wa Shangani na kanisa lao la Minara Miwili, na Waanglikana wa Mkunazini, ambao jiwe la msingi la kanisa lao kuu liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, pale pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo. Jirani Baniani hakupelekewa pilau. Alipelekewa halua, tende au visheti, katika sahani ambayo haijagusa nyama, na mama wa Kiislamu aliyelikumbuka hilo bila ya kukumbushwa alikuwa amefanya jambo kubwa kuliko yale yanayoandikwa kwenye maazimio ya makongamano. Diwali ikifika, sahani ilirudi na laddu. Krismasi ikifika, keki ya Mgoa ilitembea. Isidhaniwe kwamba hapakuwa na kubaguana. Palikuwako, kwa kabila, kwa rangi na kwa mfuko, na mwaka 1964 uliyadhihirisha mengi yaliyokuwa chini ya mkeka. Ujirani haukuzuia maafa yale. Uliwafanya baadhi ya watu wafichwe na majirani zao, na hilo si dogo.

Shamba nako kulikuwa na lake. Kusini ya kisiwa, Makunduchi, watu husherehekea Mwaka Kogwa, siku ya mwaka wa jua yenye nasaba na Nairuzi ya Waajemi, ambayo siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Zamani hata watu wa mjini walishuka pwani alfajiri kukoga, wakazima moto wa jikoni na kuwasha mpya. Makunduchi wanaume wa pande mbili hupigana kwa magomba, wakiyamaliza ya mwaka mzima, kisha kibanda huchomwa moto, wanawake wakaimba, na chakula kikaliwa. Wapiga picha hufuata magomba na moto. Wanakikosa kilicho cha ajabu zaidi, ambacho hakina moshi: itikadi ya wenyeji kwamba siku hiyo hapana nyumba inayopaswa kukosa mgeni. Nyumba isiyopigiwa hodi siku ya Mwaka imepungukiwa. Huyo mgeni anayejiona amefadhiliwa sinia la wali, kumbe yeye ndiye aliyeleta fadhila.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 majumba mengi ya Mji Mkongwe yalibaki bila ya wenyewe, wengine wamekimbia, wengine wamefukuzwa, wengine wamekufa. Serikali ilizitaifisha nyumba nyingi, na waliotoka shamba na Ng'ambo wakaingizwa humo, familia kadhaa katika nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja. Kisha zikaja dhiki za mwanzo wa miaka ya 1970, mchele, sukari na unga wa ngano vikawa haba, na watu wakapanga foleni kwa kipimo. Hapo sahani ilipimwa kwelikweli. Zipo Idi ambazo pilau lilipikwa kwa muhogo uliokatwa vipande vidogo vidogo ukafanana na mchele kwa mbali, na kaimati zikakosa shira. Zilitembea hivyo hivyo. Fumba la sukari lililorudi kwenye sahani zama hizo lilikuwa na uzito ambao mtu wa leo, mwenye kuinunua dukani bila ya foleni, hawezi kuupima. Na katika maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki ili kuwatoa watu kwenye vibanda, ilidhaniwa kwamba maisha ya kichochoro yatakatika. Watoto wakajifunza kupanda ngazi na sahani mkononi.

Waliohama waliichukua sahani safarini. Mlango wa Omani ulipofunguka baada ya mwaka 1970, wengi walihamia Maskati, wengine Dubai, wengine London. Katika vitongoji vya Maskati hadi leo mna nyumba ambamo Idi huamkiwa kwa Kiswahili na mkate wa kumimina hutoka kwenye oveni ya umeme, na Waomani ambao hawakupata kukanyaga Afrika huuliza ni chakula gani hiki. Kuna uchungu fulani katika jambo hilo. Babu alikuja Unguja na bokoboko, mjukuu akarejea na vitumbua, na kila mmoja wao aliitwa mgeni mahali alipofika.

Mtihani mwengine umetoka ndani ya dini yenyewe. Wapo wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani, na wapo wanaosubiri uonekane hapa au jirani na hapa. Hoja za kila upande zina wanavyuoni wake, na si mahali hapa pa kuzipima. Sheria ya mwaka 2001 iliyoanzisha Ofisi ya Mufti haikuzimaliza tofauti hizo, na miaka mengine kisiwa kimekuwa na Idi mbili. Ndani ya nyumba moja ndugu mmoja amevaa kanzu mpya na mwengine angali amefunga. Wanawake wa Unguja, ambao hakuna aliyewataka fatwa, walipata ufumbuzi wao mapema: sahani ya jirani aliyetangulia kufungua hupokewa, hufunikwa, huwekwa mpaka kesho, na ya kesho hurejeshwa na chakula. Ndugu wawili hugombana barazani. Mama zao wanaendelea kupelekeana.

Hilo baraza lenyewe nalo linataka neno. Kwa Mswahili ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na ni mkutano wa watu wanaokaa hapo, na ni chombo cha kutunga sheria, kwani Baraza la Wawakilishi limechukua jina lake hapo. Mwenye nyumba alilijenga nje ya mlango wake, kwa gharama yake, ili wakae watu wasiokuwa wa nyumba yake. Mahali pa bao, dhumna, kahawa na habari za mji, kama pale Jaws Corner, ni sakafu ya umma iliyotolewa na mtu binafsi.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi ilikuwako tangu mwaka 1985. Milango ya msaji iliyochongwa inahesabiwa na kulindwa, na yafaa ilindwe. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020, ikaua watu, na kila mtu akaona kwamba mawe na chokaa havina subira isiyo na mwisho. Ila mlango unaolindwa ni mbao na misumari ya shaba. Nyumba baada ya nyumba imegeuka hoteli. Familia zilizokaa humo vizazi viwili zimehamia Fuoni, Mwanakwerekwe au Bububu, baadhi kwa hiari na bei nzuri, baadhi kwa sababu kodi imepanda au paa limeanguka. Baraza limetiwa mito na meza ya wageni. Mlango uliochongwa uko pale pale, mzuri kuliko ulivyokuwa, na hapana mtoto anayetumwa kuupigia hodi.

Asubuhi ya Idi watu hao hurudi. Baada ya sala huonekana wakipita vichochoroni na watoto wao waliozaliwa nje ya mji, wakinyoosha kidole juu: dirisha lile lilikuwa la bibi, ngazi ile ilikuwa na giza. Huingia kwa wachache waliosalia, hunywa kahawa, hula halua, hutoa mkono wa Idi, kisha daladala huwarejesha. Pilau wamepika huko waliko, na huko nako, taratibu, sahani zimeanza kujua njia, ijapokuwa kuta za matofali ni ndefu na mageti hufungwa.

Na waliosalia bado wanapika. Katika vichochoro ambavyo nyumba moja tu ndiyo iliyobaki na watu wake, bibi mwenye nyumba hujaza sahani siku ya Idi kama alivyozoea, na hapo ndipo linapokuja suala la nani apelekewe. Aghalabu hupelekewa mlinzi wa hoteli ya mbele, kijana wa kutoka Bara, huenda hata si Muislamu, aliyekaa kwenye baraza la watu waliohama. Siku ya kwanza aliirudisha sahani imeoshwa ikang'ara, kwa shukurani nyingi, na tupu. Hakuna aliyemwambia neno. Mwaka wa pili ilirudi na maembe mawili.